Nilimsomea Mjomba kwa Kifaransa

Ndugu mnaotunza ukurasa huu, jina langu nimewaandikia pembeni, naomba libaki kwenu. Nina miaka ishirini na saba, nina mke na watoto wawili, nakaa hapa Kindu. Kazi yangu ni kuandikia gazeti. Watu wa mtaa wetu wa Mikelenge wakiniona na daftari kwapani huniita Bwana Habari. Zamani nilipenda. Siku hizi nabadilisha njia.

Mwaka jana tulichaguliwa vijana kumi na wawili tufundishwe kazi ya gazeti, wiki sita, katika darasa la shule. Mwalimu wetu alikuwa Mbelgiji, mkali lakini si mtu mbaya. Alisema kura zinakuja, na watu watachagua wakubwa wao kwa yale tutakayoandika, kwa hiyo tuache uvumi. Akatupa sheria mbili, nikazishika kama sura za Kurani chuoni. Habari isiyo na jina la aliyeiona, usiitume. Na ukishaandika, msomee mwenyewe aliyesema, mpaka akubali. Nilitoka wa kwanza. Cheti nikakitundika ukutani, na kila mgeni aliyeingia nilimwonyesha, hata asiyejua kusoma.

Baada ya hapo nikaenda Lokandu kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyenilea baba alipofariki. Alikuwa mlinzi wa ghala la mpunga. Tukiwa tunakula akanisimulia kwa sauti ya chini kwamba kapita, msimamizi wa mashamba, aliwafungia wanawake wanne ndani ya ghala siku mbili, kwa sababu mashamba yao yalikuwa na majani yasiyopaliliwa. Mmoja alizalia humo, juu ya magunia. Mtoto hakuishi.

"Mimi njo nilifungua mulango," mjomba akasema. "Nilimupokea kwa mikono hii. Alikuwa mutoto mwanamuke."

Nilifanya kazi yangu vizuri, hilo nalisema bila haya. Nilikwenda kwa wale wanawake, wakaniambia yale yale. Nilikwenda kwa kapita, akanifukuza. Kisha nikaandika kwa Kifaransa, maana gazeti ni la Kifaransa. Jina la mjomba lilikaa mstari wa pili, na kazi yake, na kijiji chake.

Asubuhi nikamketisha nikamsomea, kama nilivyofundishwa. Nilimsomea kwa Kifaransa. Mjomba hajui Kifaransa hata cha kuomba maji, na mimi nilijua hajui. Kumgeuzia kwa Kiswahili kungechukua muda mfupi tu. Niliogopa akielewa ataniambia nitoe jina lake, na bila jina habari yangu imekufa.

Aliposikia jina lake akatabasamu. "Umenitaja?" akauliza.

"Nimekutaja, mjomba."

"Vizuri. Barua bila salamu haina adabu."

Kwetu kila barua huanza hivyo: fulani anakusalimu, fulani naye anakusalimu. Alidhani nimemweka kwenye salamu. Nami nikamwacha adhani. Nikakunja karatasi, nikamuaga.

Habari ikatoka. Mwalimu akaniandikia kunipongeza. Kapita alihamishwa tu, akapewa mashamba mengine. Mjomba ndiye aliyekamatwa, eti anachochea watu. Nilikuwepo ofisini mkubwa wa serikali wa teritwari yetu alipomuuliza kama maneno yale ni yake. Mjomba akaniangalia. Mimi nikainamia daftari langu.

"Kama muipwa wangu ameandika," akajibu, "basi mimi njo nilisema."

Wakampandisha masua, ile meli ya mtoni, akapelekwa uhamishoni, mbali sana mto unakoelekea. Masua ilipita mbele ya Lokandu. Mke wake, ambaye mimi namwita mama, alikuwa amesimama ukingoni na furushi la nguo za mumewe. Masua haikusimama. Akarudi nyumbani na furushi lake.

Wiki iliyopita mkubwa aliniita. Akasema niandike kwenye gazeti lile lile kwamba mzee alidanganya, niweke sahihi, naye atamrudisha kabla ya kura. Sijui habari ilivyofika Lokandu, lakini siku ya tatu mama alikuwa mlangoni kwangu. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Andika, mwanangu," akasema. "Wakimwita muongo, nitakaa na muongo wangu. Wanasema iko anakohoa damu." Halafu akaniuliza, "Ulimusomea kwanza, akakubali, sivyo?"

Nikamjibu ndiyo. Mke wangu alimletea chakula, akala, akanishukuru.

Yule mwanamke aliyezalia ghalani naye alikuja, kesho yake. Hakutaka hata kuketi. Aliniuliza neno moja tu. "Ukiandika muzee alidanganya, mutoto wangu nilimuzika wapi?"

Na juu ya hayo, mwalimu ameniletea barua. Mafunzo ya pili yanaanza, anataka nimsaidie kuwafundisha wenzangu wapya. Somo alilonipa ni hilo la kumsomea aliyesema mpaka akubali. Barua iko chini ya godoro, sijaijibu.

Majuto ni mjukuu, nami wangu amekuja nikiwa bado kijana. Nikiandika kwamba mjomba alidanganya, pengine atarudi, atakufa kwake, na wale wanawake nitakuwa nimewafungia ghalani mara ya pili. Nikikataa, atafia kwa watu asiowajua, akiamini mpwa wake alijua alichokuwa anafanya. Na nikisema kweli yote, kwamba nilimsomea kwa lugha asiyoijua, mama ataninyima uso wake maisha yote, na atakuwa na haki. Ninyi mnaosoma, wenye mjomba na wenye mama, nipeni neno. Niandike lipi?

Tena nawakumbusha watu wa ukurasa, jina langu lisitoke. Mjomba hakuomba lake lifichwe. Alidhani ni salamu.