Vitenge Vilivyolowa Juu ya Mkeka

Nilifunga safari ya Kisangani kwa sababu kamati ya mbio za huko ilitaka mshindi asiyebishaniwa. Mwaka uliotangulia, waliniambia kwa simu, watu walirushiana viti kwa ajili ya nafasi ya kwanza ya wanawake. Safari hii mshindi angepelekwa Kinshasa kukimbia na wanawake wa nchi nzima, kwa hiyo wakataka mashine. Hapa Arusha kazi yangu ndiyo hiyo. Mkimbiaji anafungwa chipu kwenye kifundo cha mguu, akikanyaga mkeka mstarini mkeka unalia, na jina lake linatokea kwenye kompyuta. Rahisi, au ndivyo nilivyodhani.

Nairobi, halafu Kinshasa, halafu Kisangani: kila uwanja wa ndege nilifunguliwa sanduku, na nyaya zangu zikaminywaminywa kama nyanya za sokoni. Nilifika nimenuna. Mwenyeji wangu alikuwa Papa Assumani, fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo uliokaa mji ule tangu enzi za misafara ya biashara.

"Kiswahili yako iko ya kitabu, mwana wangu," alinitania, huku akinisogezea lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa mtoni. "Kula. Kesho utaona Anifa. Iko jirani yetu, anauzisha samaki kavu ku port. Ba mama yote ya avenue watakuja kumupokea."

Nilicheka, nikala. Sikuuliza watampokeaje.

Asubuhi ya mbio nilitandika mkeka kwenye barabara ya kando ya mto. Umeme ulikatika, ingawa maporomoko ya Tshopo yanayozalisha umeme yananguruma mji ule ule, nikafunga betri. Wakimbiaji waliondoka upande wa Kapalata, wakazunguka hadi daraja la Tshopo ndipo warudi mjini. Wakiwa huko, mvua ikashuka ya kuloweka mifupa.

Ilipokatika, Anifa alitokeza kwenye kona. Peke yake! Nyuma yake barabara tupu. Ndipo wanawake wa mtaa wake walipovua vitenge walivyokuwa wamejikingia mvua ile, wakavitandaza chini, kimoja mbele ya kingine, maana mtu wa heshima huko hakanyagi ardhi tupu. Ni jambo zuri, sitaki kudanganya, mwili ulinisisimka. Lakini walitandaza hadi kwenye mstari, wakaupita, wakaufunika mkeka wangu kwa nguo juu ya nguo, zote zikichuruzika maji. Nguo iliyolowa inameza mawimbi ya chipu yasifike mkekani. Nikapiga kelele, "Toeni! Toeni!" Vigelegele vikanizidi.

Anifa alivuka mstari kwa miguu yake, mikono juu. Mkeka kimya. Wanawake wakaviokota vitenge wavipunge juu ya kichwa chake, mkeka ukabaki wazi, na hapo akaingia Clarisse, msichana wa familia ya wavuvi wa Isangi. Mkeka ukalia. Jina lake likasimama la kwanza.

Mwenyekiti wa kamati, ambaye kila mtu alimwita Président, alikuwa akichungulia begani kwangu. Kabla sijageuka ameshashika kipaza sauti: "Ya kwanza, Clarisse!" Na kombe akamtia mkononi.

"Président, mkeka ulikuwa umefunikwa," nilimwambia.

"Monsieur, tulikuita juu ya nini? Juu watu wasibishane tena. Machine imesema."

"Haikusema. Ilizibwa mdomo!"

"Anifa haiko ndani ya ordinateur," akasema, kidole kwenye kompyuta yangu. "Donc, hakufika."

Hakufika! Mwanamke amesimama mbele yetu, anahema, nyayo zake zimeshika rangi ya vitenge alivyokanyaga, na mtu mzima mwenye macho mawili anasema hakufika. Damu ilinichemka. Nimebeba mashine ile miaka mingi, najua inachoweza na isichoweza, na sasa inageuzwa fimbo ya kumpigia mtu aliyeshinda.

Nikachukua chipu, nikapiga goti, nikamfunga Président mwenyewe mguuni. Nikawaomba akina mama watandaze tena. "Pita," nikasema. Umati mzima ulikuwa ukitazama, akapita. Mkeka kimya. Kompyuta haikuandika kitu.

"Président, haujafika bado!" Papa Assumani alipaza sauti. "Tuko tunakungojea!"

Watu walicheka hadi wakashikana. Président akaivua chipu, uso umemvimba. "Michezo," alisema. "Résultat ni résultat."

Ndipo Clarisse akaja na kombe kwapani, akalitua mezani kwangu kwa kishindo.

"Tangu ku pont ya Tshopo niko naona mugongo ya huyu dada," alisema. "Njia yote. Sasa niende Kinshasa na mugongo ya mutu mwingine?"

"Kwa nini hukusema mapema?" nilimwuliza.

"Nilisema! Papa Président akaniambia ninyamaze, machine imesha sema."

Akalichukua tena, akampa Anifa. Président alikohoa, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba machine ya Tanzania ilikuwa na panne, lakini kamati imeitengeneza. Kamati! Nilitamani kuutupa mkeka mtoni na yeye aufuate.

Kesho yake Papa Assumani alinisindikiza uwanja wa ndege, na furushi la samaki wakavu alionipa Anifa lilipekuliwa kila kituo hadi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nikigombana na Président moyoni. Tulipoanza kuteremka kuja Arusha, hasira ikanigeukia mwenyewe. Nilipiga magoti kwenye tope, nikachafua nguo za watu, nikamtembeza mzee wa watu na chipu mguuni, na shahidi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, kombe mkononi.

Mkeka ninatandika bado. Lakini siku hizi, kabla sijaitazama kompyuta, namfuata aliyeshika nafasi ya pili, nampa maji, halafu namwuliza: mbele yako alikuwa nani?