Siku za Ninawi

Katekista Mayala wa Usagara alikuwa mtu wa kuweka kinyongo. Kaka yake Ngosha, aliyekuwa akiugua ng'ambo huko Busisi, alimdhulumu zamani ng'ombe wa mahari. Kwaresima ya mwaka 1957 ilipoanza, Mayala akasema, "Nitakwenda kumsamehe Pasaka. Siku arobaini zote hizo!"

Juma lile padri alikuwa akimfundisha Agano la Kale la Kigiriki, lile lililotafsiriwa zamani kutoka Kiebrania. Wakafika Yona. Katika Kiebrania, Ninawi ilibakiziwa siku arobaini kabla ya kuangamizwa. Katika Kigiriki, Mayala aliona tatu. Akafunua kamusi. Tatu vilevile.

"Padri, ipi ya kweli?"

"Wataalamu bado wanabishana."

"Wao wana muda!" Mayala akafoka, akadandia baiskeli bila hata kofia, roho juu, mpaka kivukoni Kigongo.

Abiria kutoka Busisi walikuwa wakishuka. Kati yao alikuwamo Getruda, mke wa Ngosha. Mayala akaogopa hata kumsalimu.

"Pole, shemeji," akasema Getruda. "Alikuulizia mpaka jana."