Askari wa Mikoko Aliyekamata Lori

Mwandishi wa habari hizi anakiri mapema, kabla hajachongewa na wengine: siku ile mjinga alikuwa yeye. Chuma kilichozusha zogo zima pale Mtoni alikitoa kwa mikono yake mwenyewe, huku anacheka.

Ni asubuhi, maji ya bahari yametoka na matope yanang'aa. Lori lililojaa udongo mwekundu kutoka kilimani Temeke, kunakojengwa nyumba mpya, linarudi kinyumenyume taratibu hadi ukingoni mwa mto, pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi. Vibarua wanne wako juu na mabeleshi yao. Mbele, ubavuni mwa dereva, amekaa mwandishi. Kampuni ya ujenzi imemwalika aje aone jinsi nchi mpya inavyopatikana, kisha akaisifu gazetini. Jina la kampuni halitajwi hapa, kwa kuwa gazeti hili halina fedha za kumlipa wakili.

Kabla beleshi la kwanza halijamwaga, mtu anatokea katikati ya mikoko. Matope yamempanda hadi magotini. Kaptura ya kaki ameiviringisha juu, lakini tarabushi imekaa sawasawa kichwani kama mtu anayekwenda kusali Idi.

"Huyo mtani wangu," anasema dereva, Sadallah, Mnyamwezi wa Tabora, na uso wote unamchangamka. Anazima injini ili watukanane vizuri.

Wasomaji wasiojua mambo ya pwani wasishangae. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Wakikutana ni lazima waumbuane, na mtani akichukua kitu chako, ukikasirika aibu ni yako.

"Nyie Wanyamwezi," anaanza yule wa matopeni, "babu zenu walikuja pwani na pembe mabegani. Nyie mnakuja na udongo. Hivi kwenu hajazaliwa mtu wa kutembea mikono mitupu?"

"Tumewahurumia," anajibu Sadallah. "Mzaramo kazi yake ngoma. Tunawajazia haya matope mpate uwanja wa kuchezea, na wewe badala ya kushukuru unatutolea macho!"

Vibarua wanacheka. Mwandishi anacheka kuwashinda wote. Yule mtu anamgeukia, anampa mkono, anamwuliza habari za nyumbani, kisha kwa upole kabisa anasema, "Hebu bwana mgeni, nipe hicho chuma hapo miguuni pako."

Ni hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuwashia injini. Lori hili limezeeka na betri yake ilikufa zamani; pasipo hendeli kuzungushwa kwa mbele, haliwaki. Mwandishi, ambaye amewahi kuona watani wakinyang'anyana kofia, bakora na hata jeneza njiani kwenda kuzika, anaona huu nao ni mchezo. Anakiinua chuma na kukikabidhi kwa mikono miwili, kama zawadi ya harusi.

Yule mtu anakitia kwapani. Kicheko kinamtoka usoni papo hapo.

"Utani umekwisha," anasema. "Mie ni askari wa mikoko, na lori hili nimelikamata."

Anaitwa Marijani Mwinyikondo, mzaliwa wa hapa hapa Mtoni. Baba yake alikuwa mkata boriti zama za Mjerumani. Yeye alivaa kaki ya Serikali kabla ya vita vya Burma, na hajaivua. Analipwa shilingi sabini na tano kwa mwezi, na watoto anao sita.

Lori haliendi popote. Nyuma yake ni mto, mbele ni mwinuko wa udongo laini ambao vibarua wanausukumia lori mpaka pumzi zinawaisha na gurudumu halijasogea. Mmoja wao anatumwa kilimani akamwite nyapara. Waliobaki wanakaa kungoja. Mwandishi naye, kwa kuwa hana pa kwenda, anatoa kalamu.

Kazi ya Marijani ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Mikoko ni msitu wa Serikali. Haikatwi boriti, haikatwi hata kuni, ila kwa kibali. Anayekamatwa hunyang'anywa chombo alichokatia, na askari hukipeleka ofisini mjini.

"Nimepeleka mashoka mpaka mke wangu ananiita mhunzi," anasema. "Na karibu yote ni ya wanawake, bwana gazeti. Wanawake wenye vitoto mgongoni. Nimewanyang'anya majirani. Nimemnyang'anya shemeji yangu, harusini kwake sikualikwa. Nikipita kisimani wote wananyamaza. Nilivumilia kwa sababu nilijua ninalinda kitu."

Anaunyoshea hendeli ule udongo mwekundu.

"Sasa niambie wewe uliyesoma. Mama akikata tawi moja akapike uji, ni mwizi. Lori likizika miti hamsini kwa asubuhi moja, ni maendeleo. Basi miaka yote hii nilikuwa namlinda nani, na dhidi ya nani?"

Mwandishi anatazama kule anakoonyeshwa, na hapo ndipo anapoanza kuona aibu ya safari yake. Udongo umesogea ndani ya mto kama ulimi. Pembeni mwake mikoko imesimama mikavu, haina jani, na hakuna hata mmoja uliopigwa shoka.

"Haina haja ya kukatwa," anasema Marijani. "Ile mizizi iliyochomoza kama vidole ndiyo pua zake. Ukiifunika, mti unajikaza mwezi, miezi miwili, kama mgonjwa anayewaficha wanawe. Halafu unakwenda."

Na mikoko haifi peke yake. Wanawake wa hapa hutanda uduvi: wawili wawili wanashika nguo kwenye maji, wanazoa vile vidudu vidogo vya baharini, wanavianika, wanauza sokoni Kariakoo na Ilala. Uduvi huzaliana humo humo mizizini. Upande uliojazwa udongo, nguo sasa zinatoka na tope tupu. Masika iliyopita mto ulipofurika ukakuta njia yake imebanwa, ukaamua kupita majumbani. Kitanda cha mwalimu wa madrasa kilikutwa minazini, na mwalimu mwenyewe alikutwa juu ya dari akisoma dua.

Nyumba zilizoingiwa na maji ni za watu wa chini mtoni. Nyumba zinazojengwa kilimani hazitaingiwa na maji hata siku moja. Msomaji apige mwenyewe hesabu ya nani anajengewa na nani anabomolewa; mwandishi akiipiga yeye anaweza kutumia maneno ambayo mhariri atayafuta.

Je, Marijani hakusema kwa wakubwa wake? Alisema.

"Mara ya kwanza niliambiwa nilinde miti, niachane na udongo. Nikarudi tena, nikaambiwa habari zimepokelewa. Safari ya tatu karani akaniuliza kama nyumbani nina mgonjwa, maana naonekana sina raha."

Ndiyo maana leo hakwenda kusema. Ameamua kulifanyia lori vile vile anavyowafanyia wanawake wa kuni.

"Hiki chuma nitakwenda nacho mjini kwa miguu, nikiweke mezani pale pale ninapowekaga mashoka. Chombo kikifika mezani ni lazima kesi ifunguliwe. Kesi ikifunguliwa ni lazima mkubwa aje kutazama kwa macho yake. Mpaka leo hajafika hata mmoja! Akija akisema mto huu haulindwi, sawa, nitavua nguo zao. Lakini aseme mbele ya wale niliowanyang'anya."

"Na akisema unalindwa?"

"Udongo utolewe, nipande mikoko upya. Mbegu yake unaichomeka tu topeni kama mkuki, hata mtoto anaweza. Wanawake wamekubali kunisaidia. Ila wanataka mashoka yao kwanza."

"Na wakikufukuza kazi?"

Hapo utani unamrudia Marijani, ingawa macho hayacheki. "Nitakuwa Mzaramo wa kwanza kufukuzwa kwa kuzidisha kazi."

"Hilo," anasema Sadallah, aliyejilaza kivulini chini ya lori, "hata hakimu hataliamini."

Maji yanaanza kujaa. Kwanza yanameremeta tu kati ya mizizi, kisha yanaifuata njia ya magurudumu kama yanayoijua. Sadallah anatoka kivulini bila kuambiwa. Wanawake wa uduvi nao wamefika, nguo zao begani, na badala ya kuingia majini wamesimama kutazama askari wao anavyokaa na chuma cha watu.

Ndipo nyapara anapofika kwa baiskeli. Anaitwa Ansbert, ametokea Songea, kijana nadhifu mwenye suruali nyeupe iliyopigwa pasi. Si mtu mbaya. Yeye naye ana bwana wake kilimani anayehesabu malori yaliyoshuka. Anateremka hadi kwenye udongo uliojazwa, analizunguka lori, anayatazama maji, anasimama papo hapo jasho likimtoka.

"Lete hicho chuma."

"Salamu kwanza, bwana nyapara."

"Habari za asubuhi. Lete chuma."

"Nzuri. Sileti."

"Wewe mzee, lori la watu linazama! Lori halikukata mti. Nionyeshe kisiki kimoja tu."

"Mtu akimziba mwenziwe pua mpaka akafa," anasema Marijani, "polisi wanatafuta damu?"

Wanawake wanaguna. Ansbert anawatupia jicho, anavuta pumzi, na anatoa hoja ambayo inaonekana alikuja nayo tangu kilimani.

"Sikiliza. Kazi yako ni mikoko na mahali maji ya chumvi yanapofika. Hapa niliposimama si mto tena. Tumepajaza. Hapa ni kiwanja, kimepimwa na kina namba. Juu ya kiwanja wewe huna amri yoyote. Umeiba mali ya kampuni, na leo hii nakwenda polisi."

Mwandishi amekaa mahakamani na kusikia maneno mengi ya ajabu, lakini haya yalimtoa kwenye kiti, na kiti chenyewe kilikuwa gogo. Wanajaza mto usiwe mto, halafu wanasema hakuna mto wa kulinda! Kwa sheria hiyo, aliyeiba ng'ombe akimaliza kula nyama hana kesi, maana ng'ombe hayupo. Na wanasema hivyo mchana, mbele ya watu ambao nyumba zao ziliogelea masika iliyopita.

Lakini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Marijani anaishusha hendeli. Neno polisi na neno namba yamemwingia. Miaka kumi na minane ameishi kwa kuwaambia watu kuwa amri ni amri, na sasa anaambiwa yeye. Anatazama wanawe wawili walio miongoni mwa watazamaji. Shilingi sabini na tano si nyingi, mpaka siku zinapotaka kuondoka.

Ansbert anaona amepata upenyo. Anawageukia wanawake.

"Nyie kina mama, nani hapa hajanyang'anywa na mtu huyu?"

Macho yanamwendea Bi Somoe, mtu mzima kuliko wote, mwenye kanga mbili na sauti moja inayosikika mpaka ng'ambo. Habari yake inajulikana Mtoni nzima. Binti yake alikuwa amejifungua, nyumbani hakuna kuni za kumchemshia maji, mama akaja kukata tawi lililokwisha kauka. Marijani alilichukua shoka lake. Tangu siku hiyo Bi Somoe hajaitikia salamu ya Marijani hata moja.

"Wewe mama," anasema Ansbert kwa adabu, "shikamoo."

"Marahaba."

"Huyu si ndiye aliyekuchukulia shoka?"

"Ndiye. Na ninamdai mpaka kiama." Anamtazama Marijani, na Marijani anainamisha kichwa. "Unasikia, Marijani? Mpaka kiama."

"Haya basi," anasema Ansbert, na anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sema wewe, mama, watu wote wasikie. Wewe ni mwenyeji, umezaliwa hapa. Hapa niliposimama ni mto, au ni kiwanja?"

Maji yanasikika yakigonga chini ya lori.

Bi Somoe hana haraka. Anamtazama nyapara kuanzia kichwani, anashuka kifuani, anashuka kiunoni, anashuka kwenye suruali iliyokunjwa hadi magotini, mpaka kwenye mkono wa kushoto na kile ulichoshika.

"Kama ni kiwanja, baba," anasema, "mbona umevua viatu?"