Maini Rosti, Kitunguu Kingi

Mlinzi wa jengo lile la maduka ya mapazia, Kariakoo, huvaa sare ya ulinzi kama wenzake, ila begani hakosi kitambaa cheupe cha kufutia meza. Kabla ghorofa halijapanda palikuwa na hoteli, na yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wake. Majina ya watu hayamkai kichwani, wateja wa zamani wakipita huwaita kwa walichokula: “Supu Ndimu, shikamoo!” Selina wa duka la chini humcheka kila siku, naye hachoki kumweleza kwamba enzi zile oda haikuwa oda mpaka jikoni waitikie.

Jana mzee mmoja alisimama mlangoni ameduwaa. “Ile hoteli iko wapi?” Mlinzi hakusema imefungwa. “Maini Rosti! Karibu, meza yako ya dirishani hii hapa.” Akafuta kiti cha plastiki, akamketisha katikati ya mapazia ya Selina, akaugeukia ukuta na kupaza sauti: “Maini rosti moja, kitunguu kingi, chapati mbili!” Mzee akasubiri, macho ukutani. Selina alishafungua kinywa acheke.

“Inakujaaa!” akaitikia Selina, kisha akachukua pochi yake na kutoka mbio kumtafuta mama lishe mwenye maini.