Niliiandikia mashine neno "zote"

Leo neno langu moja limemnyima shangazi yangu tahadhari ya mafuriko.

Mnaonijua mnajua kazi yangu hapa Garsen: naandika maelezo ya zana za kompyuta. Juzi nilieleza zana inayoorodhesha seva za mradi wetu. Msomaji wangu hakuwa mtu. Ni programu ya akili mnemba inayozichunga seva hizo. (Ndiyo, siku hizi tunaziandikia hata hizo.)

Nikaandika: "Huonyesha seva zote."

Si kweli. Huonyesha zile zilizowaka tu.

Jana seva inayotuma ujumbe wa tahadhari ya mto kwa vijiji vya delta ikazimika. Jioni tuliiuliza programu kama kuna tatizo. Ikatazama orodha, ikajibu, "Seva zote zinafanya kazi."

Tukaiamini.

Asubuhi hii shangazi akanipigia kutoka Chara.

"Mbona hamkutuambia? Maji yameingia shambani. Mpunga wote umekwenda."

"Na nyinyi, shangazi?"

"Tuko juu huku shuleni. Wazima."

Nikamwambia kosa ni langu.

"Basi rekebisha," akasema. "Mto bado unajaa. Kuna wenzetu hawajui."

Nimeiwasha seva, na ujumbe wa tahadhari umetumwa. Nimeandika upya sentensi ile. Shangazi amenijibu neno moja: "Umefika."



Ndugu zangu wa delta, nani bado hajapata ujumbe? Tajeni kijiji hapa chini. Leo nauliza watu.