Kifaransa cha Bustani

Mume wangu aliniambia kwamba Kigali watanipokea kwa mikono miwili. Hakusema uongo. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, na majirani nao, karibu mtaa mzima wa pale Gikondo tulipofikia. Ila hakuniambia kwamba kupokelewa na watu ni jambo moja na kupokelewa na ofisi ni jambo jingine.

Ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa daktari, nimesomea Dar es Salaam na kufanya kazi Tanga, nimezoea kuamshwa, kuitwa, kusubiriwa. Yeye alikuwa mhandisi wa barabara, mzaliwa wa Gikondo, niliyekutana naye akiwa mwanafunzi Dar. Alipopata kazi kwao, nami nikafungasha. "Madaktari hawatoshi kule," aliniambia. "Utaanza Jumatatu." Hakutaja Jumatatu ya mwaka gani.

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi iliyoshughulika na vibali vya madaktari. Karani wa mapokezi, mzee mpole mwenye tai fupi, alifurahi kusikia Kiswahili changu.

"Mama, uko na karamu?" aliniuliza.

"Karamu? Hapana, bado," nilimjibu. "Nikipata kazi, huenda tukafanya."

Alinitazama kwa huruma, akatoa kalamu yake mfukoni na kunikabidhi. Mume wangu akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Ndipo nilipojifunza kwamba katika mji huu l na r hupeana zamu, na mgeni ndiye wa kujua ni zamu ya nani.

Ndani tulimkuta ofisa aliyetueleza mambo yote kwa Kifaransa, taratibu, bila kukunja uso. Mume wangu alitafsiri. Shahada yangu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilitakiwa itafsiriwe na mtu anayetambuliwa na serikali. Ilihitajika barua kutoka kwetu kuthibitisha kwamba sijafutiwa udaktari kwa kosa lolote. Kisha ningehojiwa na jopo la madaktari. Nikifaulu, ningefanya kazi kwa miezi kadhaa chini ya daktari mwenyeji, kitu walichokiita staji, kabla ya kuachwa peke yangu na mgonjwa.

"Na hayo mahojiano ni kwa lugha gani?" nilimuuliza mume wangu.

Alitazama dari. "Kifaransa," alisema. "Lakini chepesi."

Ile barua ya kutoka kwetu ilinitia adabu. Ningeiomba kabla ya kuondoka, ningeipata kwa kuvuka barabara tu, maana ofisi yenyewe ilikuwa karibu na nyumba ya dada yangu. Sasa dada alilazimika kwenda mara kwa mara, na kila nikipiga simu ananiambia mhusika yuko safarini. Siku hizi madaktari vijana hunijia kuniuliza habari za kufanya kazi ng'ambo. Huwa wanatarajia niwaambie habari za mishahara. Mimi huwauliza kwanza kama wameshakusanya karatasi zao, na nyuso zao hushuka.

Huku nyuma, Gikondo ilikuwa imeshatangaziwa. Mama mkwe wangu aliwahi kuishi Bujumbura ujanani, akafanya biashara sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko na cha Kigali na cha kwake mwenyewe. Alikuwa ameshamwambia kila mtu kwamba mukazana wake, yaani mke wa mwanawe, ni daktari mkubwa. Basi asubuhi, mume wangu akishaondoka, jirani angeingia, akaketi, akakataa chai, akakohoa kwa heshima. Kisha angekohoa tena, safari hii akinitazama.

"Nenda kituo cha afya," nilikuwa nikimwambia. Sikuwa na kibali, na nilijua kwamba mgeni anayetibu bila kibali hafungi mlango wake tu, anawafungia na wanaokuja nyuma yake.

Mama mkwe alinisubiri hadi jirani ametoka. "Sasa weye iko daktari namna gani?" aliniuliza. "Watu iko gonjwa, weye iko nasema tu, enda kituo. Ile neno hata mimi naweza sema."

"Sheria, mama."

"Ah, sheria." Akajikanda goti. "Na goti yangu, nayo iko na sheria?"

Goti lake nalo nililipeleka kituoni. Alikwenda akilalamika, akarudi na dawa ya kuchua, akawaambia majirani kwamba daktari wake ndiye aliyejua mahali pa kumpeleka. Huo ukawa utaalamu wangu mtaani: kujua mahali pa kupeleka watu.

Mwalimu wa Kifaransa nilimpata nyumba ya pili. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya kilimo, mtu mkavu, msafi, aliyevaa koti hata akiwa uani. Vitabu vyake vingi aliwaazima wanafunzi ambao hawakuvirudisha. Kilichobaki kilikuwa kimoja, cha kilimo cha bustani, na ndicho tulichosoma. Kila alasiri nilikaa kwenye kibaraza chake nikisoma kwa sauti namna ya kuandaa vitalu, kupalilia karoti, kutia mbolea na kuhamisha miche ya kabichi bila kuumiza mizizi. Nikikosea tamko alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa.

"Mwalimu," nilimwambia siku moja, "mimi nitaongea na madaktari. Hatuwezi kujifunza maneno ya homa, au damu?"

"Madamu," alinijibu, "sarufi ni ileile kwa binadamu na kwa kabichi."

Barua ilipofika hatimaye, na shahada ilipotafsiriwa, nikaitwa kwenye jopo. Walikuwa madaktari watatu nyuma ya meza ndefu yenye jagi la maji na glasi. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya chini. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri, kwa kuwa majina mengi ya magonjwa yanafanana kwa Kiingereza na Kifaransa, na pale yasipofanana nilikazia mwishoni na kuomba Mungu. Kisha akaniuliza: analetwa mtoto mdogo, ameharisha, amekauka, macho yamezama. Unafanya nini?

Hilo nililijua kuliko jina langu. Tanga nilikuwa nimewatibu watoto hao msimu baada ya msimu. Lakini maneno ya kumnywesha mtoto yalinitoka kichwani yote, na kilichobaki ni ukurasa wa kitabu cha mwalimu. Nikasema kwa Kifaransa safi, kila tamko mahali pake, kwamba mtoto huyo amwagiliwe polepole, asubuhi na jioni, tukiangalia maji yasituame kwenye mizizi.

Daktari wa kushoto akaangalia karatasi zake kwa bidii kubwa. Mwenyekiti akaegemea mbele.

"Na madamu," aliniuliza kwa upole, "mtoto huyu tumpande kivulini au juani?"

Walicheka wote watatu, na mimi, kwa aibu na kwa ahueni, nikacheka kuliko wao. Kisha nikasimama. Nikavuta jagi, nikamimina maji kwenye glasi, nikawaonyesha kwa vidole chumvi kiasi gani na sukari kiasi gani. Nikajifanya nimempakata mtoto, nikamnywesha kijiko, nikasubiri, nikamnywesha kingine. Mwenyekiti hakuwa akicheka tena.

"Akitapika?" aliuliza.

Nikaweka kijiko chini, kijiko kisichokuwepo. Nikakaa kimya pale mbele yao, muda mrefu kidogo kuliko adabu, mpaka waelewe kwamba nasubiri. Halafu nikaanza upya, polepole zaidi.

"Na asipoweza kabisa kunywa?"

Nikaonyesha mshipa mkononi mwangu. Akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu. Nilipokuwa nikitoka aliniambia nimsalimie mkulima aliyenifundisha. Salamu nilizifikisha. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Aliniuliza kama kitenzi nilikitamka sawasawa, nikamwambia ndiyo, akaridhika.

Staji yangu ilianzia wodi ya wazazi, chini ya mkunga mkongwe aliyekuwa na mikono mikubwa na subira ndogo. Siku za mwanzo nilisimama nyuma yake na kutazama. Mama mmoja alikuwa amefika hatua ya kusukuma, kichwa cha mtoto kinaonekana, na mkunga akaanza kumpigia kelele: "Komeza! Komeza!"

Mimi masikio yangu ya Tanga yalisikia kukoma. Nikaruka mbele. "Asikome!" nilisema. "Kwa nini umwambie akome? Mtoto huyu hapa!"

Mkunga alinigeukia. Mzazi naye, jasho linamtiririka, akanigeukia.

"Dakitari," mkunga alisema kwa Kiswahili, akikata neno moja moja, "komeza ni endelea."

Mzazi ndiye aliyeanza kucheka. Alikuwa mwanamke wa sokoni, Kiswahili anakielewa, na kicheko kilimshika katikati ya uchungu, na kwa kicheko hicho hicho mtoto akatoka, wa kike, akilia kwa hasira. Tangu siku ile, nikiingia wodini wauguzi walikuwa wakiniambia, "Dakitari, tukome?" Nami nilijibu, "Komeza," na hilo likawa neno langu la kwanza la Kinyarwanda nililolisema bila kosa.

Kibali changu kamili kilitoka mwaka uliofuata, nikapangiwa kituo kidogo Muhima, kwenye mteremko wa kuelekea Nyabugogo. Miongoni mwa wagonjwa wangu wa mwanzo alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Alinieleza habari za mgongo wake, kisha za babu, kisha za mgongo wa babu. Nilipomwandikia dawa alisema hakuja hasa kwa ajili ya dawa. Alikuwa amesikia kuna daktari anayesema "tafadhali", kama babu yake.

Sitaki ionekane kana kwamba mji mzima ulikuwa ukicheka. Vita vilikuwa kaskazini, barabarani tulisimamishwa na kuulizwa vitambulisho, na watu walipunguza sauti redio ilipoanza kusoma habari. Mume wangu, mtu wa mizaha, alikuwa akirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Mwishoni mwa 1993 alipata kazi Mwanza, tukahama, na mama mkwe tukamchukua, akidai ni kwa likizo fupi tu. Miezi michache baadaye, Aprili ilipofika, tulikuwa tumekaa mbele ya redio Mwanza, tukisikiliza habari za mauaji ya kule tulikotoka. Mkunga alinusurika, alinitumia salamu kupitia kwa msafiri. Habari za mwalimu wangu nimeziuliza kwa kila niliyeweza kumuuliza, na sijazipata.

Huko Mwanza ikawa zamu ya mama mkwe kuwa mgeni. Alikataa kubadilisha neno lake hata moja. Sokoni aliinua sato, akamnusa, akamwambia mwenye samaki, "Hii iko gonjwa, peleka kwa mukazana yangu." Yule muuza samaki alicheka hadi akakaa chini, kisha akamchagulia mwingine, mbichi, mkubwa. Mama mkwe akampokea kwa mikono miwili na kunikabidhi mimi nimbebe.