Mbangua korosho wa Mtama anayejifunza kukimbia kwenye kioo

Saa saba mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kuswali na kula, Mwanahija Rehani anabaki nyuma ya banda la kubangulia korosho hapa Mtama, mkoani Lindi. Ananawa mikono kwa sabuni na majivu, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha anatandika gunia, anailaza simu juu yake na kuinama.

Kwenye kioo haonekani mtu, ni mikono miwili tu iliyoshika bunduki, maana katika mchezo huu wewe ndiye askari. Askari anakimbia, anateleza kwa magoti, anaruka kabla hajasimama, na akiwa bado hewani anageukia nyuma. Mwanahija anakosea. Anarudia. Katika dakika ishirini nilizokaa naye hakufyatua risasi hata moja.

“Kulenga nilijua mapema,” anasema. “Kilichokuwa kinaniua ni kusimama. Nikimwona adui, nasimama kwanza ndiyo nilenge. Wenzangu wanateleza, wanaruka, wananizunguka mie nimeganda tu.”

Ana miaka 26. Amebangua korosho tangu alipoacha shule kidato cha pili, na siku njema humwingizia Sh6,000. Mchezo aliuanza mwaka jana, kwa simu ya mtumba aliyouziwa na Stephano, fundi simu wa stendi. Stephano ana timu inayojiandaa kwa mashindano ya Lindi mjini, na nafasi moja ilikuwa wazi. Anayeitaka sharti afanye mbinu hiyo ya kuteleza, kuruka na kugeuka mara kumi, apatie walau saba.

Mara ya kwanza Mwanahija alitoka kazini mbiombio akaenda kujaribiwa. Haraka haraka haina baraka. Wabanguaji hujipaka mafuta ya nyonyo vidoleni, kwa kuwa utomvu wa ganda la korosho huunguza ngozi. Hakukumbuka kuyaosha. Kidole kikawa kinapitiliza juu ya kioo na askari anajigonga ukutani. Alipatia mara tatu.

“Walicheka mpaka wakakaa chini,” anakumbuka. “Niliumia sana. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichojifunza bila kutumwa na mtu.”

Stephano ndiye aliyeinusa simu. “Nikamwambia, dada, simu inanuka nyonyo. Kanawe, uje tena baada ya mwezi.”

Kunawa hakukutosha, akaacha kujipaka mafuta kazini. Mkono wa kushoto ndio unaoshika korosho huku wa kulia ukipiga kwa kigongo, na bila mafuta ngozi ya gumba lake la kushoto ilibambuka. Kioo kikawa hakilisikii. Na gumba hilo ndilo linalomkimbiza askari.

Mimi ningekata tamaa. Yeye aliutazama mkono wake akiwa kazini, akaona kuwa kidole cha pete hakigusi korosho kabisa. Akaanza upya, simu chini, kidole cha pete kikikimbiza askari, ameinama kama anayechambua mchele kwenye ungo. Wiki mbili za mwanzo, anasema, kilikuwa kizito kama kidole cha mtu mwingine.

Mama yake, Bi Moza, anayebangua kwenye banda hilohilo, hakuupenda mchezo huo. “Mtoto wa kike na bunduki, wapi na wapi?” anauliza.

“Mama, kuua sina haja nako,” Mwanahija anamjibu. “Napenda kule kukimbia.”

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, alirudi kwa Stephano. Alipatia mara nane. Safari hii hakuna aliyecheka.

Furaha ilikuja na mzigo wake. Mashindano ni Jumamosi ijayo, na timu inataka afanye mazoezi kila siku kuanzia adhuhuri. Mwenye banda naye ana sheria yake: asiyemaliza beseni lake la korosho kwa siku, nafasi yake hupewa mwingine. Mwanahija alikuwa amekwishaamua kumwambia Stephano atafute mtu.

Nilikuwepo Jumatatu alipomweleza mama yake. Bi Moza alilivuta beseni la binti yake, akaliweka kando ya lake.

“Mama, mawili huyawezi.”

“Nitaanza alfajiri.”

Mwanahija anasema timu ishinde isishinde, Stephano amemwahidi meza moja dukani kwake, awafundishe wasichana mchezo huo nyakati za jioni. Anatumaini ipo siku meza hiyo itamtoa kwenye korosho.

Namuuliza Bi Moza kilichombadilisha mawazo. Anainua gumba lake la kushoto. Ni laini, halina mstari hata mmoja.

“Nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ya alama za vidole ikanikataa kidole hiki mara nne,” anasema, kisha anamgeukia binti yake. “Gumba lako ndiyo hivyo tena, mwanangu. Hivyo vingine bado vinasoma. Nenda navyo Lindi.”